Tenga la nyanya linavuka mpaka, faili la mgonjwa linabaki

Mama anayevusha bidhaa Namanga, Busia, Sirari au Mutukula anaijua hesabu hii kwa kichwa. Mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa zikiwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, anajaziwa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na kupita bila kutozwa ushuru wa forodha. Tenga la nyanya lina karatasi yake.

Mama huyohuyo akioga jioni akapapasa titi na kukuta kinundu kigumu kisichouma, hakuna karatasi ya namna hiyo kwa ajili yake.

Mchukulie mwenye nyumba Tarime na meza ya biashara Isebania. Analala Tanzania, anauza Kenya. Anaanzia kliniki iliyo karibu na meza, kwa kuwa ndipo anaposhinda. Anatumwa kwenda kukatwa kinyama kipimwe, analipa taslimu, kisha anaambiwa arudi kwao akatibiwe. Akifika kwao anaanza upya: picha nyingine, kinyama kingine, foleni nyingine. Miezi inakwenda. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka mwanamke awe amejua ana nini ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya mara ya kwanza. Kwa mwenye maisha ya pande mbili, siku hizo zinaweza kuishia njiani.

Na kujua ni mwanzo tu. Tiba inayofaa si dawa yoyote inayoitwa ya saratani. Kile kinyama lazima kipimwe pia kujua aina ya uvimbe. Ukiwa ni ule unaolishwa na homoni, mgonjwa huandikiwa vidonge kama tamoxifen kwa miaka 5 au zaidi. Ukiwa na wingi wa protini iitwayo HER2, anahitaji trastuzumab, dawa inayotolewa kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mmoja, na ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015. Wengi hupitia pia upasuaji, miezi kadhaa ya tibakemia, na mionzi ya siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo. Mashine za mionzi hazipo kila mji. Mtu wa mpakani huzifuata Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi, Eldoret, Kampala au Kigali.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia kuliko mwenye mshahara. Mtaji wake ni wa kuzungusha. Alichouza Jumatano ndicho kinachonunua mzigo wa Ijumaa. Wiki 4 za mionzi mjini maana yake ni kufunga biashara, kula mtaji, na kurudi kukuta meza imekaliwa na mwingine na wateja wamehama. Ndiyo maana wapo wanaoacha tiba baada ya dozi mbili au tatu, wakijipa moyo kwamba uvimbe umepungua. Mara nyingi watu husema mama huyo ana woga, au amekimbilia kwa mganga. Wapo wa hivyo. Lakini wengi wamepiga hesabu tu, na hesabu imewashinda.

Mipango ya kuwasaidia wagonjwa ipo, na mizuri yake imeielewa hesabu hiyo. Kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 wilayani Burera, Rwanda, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health, hakikuishia kwenye dawa. Mgonjwa asiyejiweza alisaidiwa nauli na chakula, kwa sababu dawa ya bure iliyo mlimani haimfikii asiye na nauli. Nairobi, Faraja Cancer Support Trust huchangia gharama za matibabu kwa wasio na uwezo na kutoa ushauri nasaha. Serikali ya Kenya nayo iliingia makubaliano na kampuni ya Roche ili trastuzumab ipatikane kupitia bima ya taifa, dawa ambayo mwenye meza sokoni asingeweza kuilipia hata angeuza meza yenyewe.

Kasoro ni kwamba misaada mikubwa ya aina hii, hasa ile ya bima, husimama pale bendera inapobadilika. Bima ya taifa huuliza mtu ni raia au mkazi wa wapi. Anayelala huku na kushinda kule hana jibu linaloingia kwenye fomu.

Atakayesema wagonjwa hawawezi kuvushwa kwa utaratibu, aukumbuke mwaka 2016. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Kampala, iliharibika kabisa. Rwanda, ambayo wakati huo haikuwa na mashine, ilikuwa ikituma wagonjwa wake hukohuko. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 wa Uganda bila malipo. Mashine mpya ilizinduliwa Kampala Januari 2018, na Kigali ikaanza kutoa mionzi mwaka 2019. Kumbe mlango unaweza kufunguliwa. Ulifunguliwa kwa dharura, na dharura ilipokwisha hakuna aliyeuwekea bawaba.

Wizara za fedha zina hoja yao, na si ya kupuuzwa. Nchi iliyojenga mfuko mzuri itaogopa kulipia wagonjwa wa jirani asiyejenga wake. Uganda, kwa mfano, haina bima ya afya ya taifa. Lakini hakuna anayelazimika kuanza na magonjwa yote na watu wote. Nchi mbili zenye mifuko zinaweza kuanza na saratani ya matiti, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye vyama vya mpakani, kila mfuko ukilipia mwanachama wake mahali alipotibiwa. Na kipimo cha kinyama kilichofanywa upande mmoja na maabara inayotambulika kikubalike upande wa pili. Hilo la mwisho halihitaji bajeti.

Vyama na vikoba navyo vina la kujibu. Katiba za vikundi vingi zina kifungu cha msiba kilichonyooka: mwanachama akifa, siku hiyohiyo pesa zinatoka, turubai na sufuria zinakodiwa. Fungu la ugonjwa, likiwepo, huwa dogo kuliko la jeneza. Mgonjwa aliye katikati ya tiba anahitaji nauli ya kila wiki 3, mahali pa kulala karibu na hospitali, na mtu wa kusimamia meza yake siku ambazo hawezi kusimama. Hili la meza halina hata gharama kubwa. Wanachama watano wakipeana zamu, mama anarudi kutoka kwenye dripu akakuta mauzo ya siku na wateja wake wapo.

Kila Oktoba baadhi ya miji hupata mabango ya waridi na kambi ya upimaji ya siku moja. Si vibaya, ila anayepimwa akaambiwa ana uvimbe na asielekezwe pa kwenda ameongezewa mzigo tu.

Kwenye mipaka kadhaa kuna dawati la taarifa za biashara, ambapo ofisa humweleza mfanyabiashara fomu ipi ajaze na bidhaa ipi inaruhusiwa. Dawati hilo linaweza kuwekewa karatasi moja zaidi: hospitali zipi za pande zote mbili hupima titi na kutibu, siku zipi, gharama kiasi gani, mfuko upi unapokea nani, na namba ipi ipigwe. Na mama akumbushwe kudai nakala ya majibu ya kinyama chake, aitunze kwenye mfuko uleule wa nailoni anamoweka stakabadhi za forodha.