Kopo la Uvunguni

Juzi nilikuwa kwetu Kibara. Nikamkuta mjomba na kopo la dawa ya kale ya pamba uvunguni, eti anataka kulimwaga ziwani! Nikaruka. "Mjomba, umesahau 1999? Ulaya walizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu kuvua kwa sumu."

"Sasa nilipeleke wapi?"

DDT ina chembe tano za klorini, endosalfani sita. Ndiyo maana hazivunjiki upesi. Wataalamu hutumia unga wa chuma: ukishika kutu, unang'oa klorini. Paladiamu huharakisha kazi, ila ni ghali, na salfa huipunguzia makali. Ikichanganywa na dhahabu huvumilia zaidi.

Dhahabu Mara ipo. Ila mtambo Kibara hatuna, kwa hiyo kopo limekwenda kwa bwana shamba. Na la kwenu je?