Rimu za nati sita, ekseli ya nati tano

Rimu na ekseli hukubaliana katika mambo matatu: idadi ya nati, kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote, na upana wa tundu la katikati linalovaa habu. Moja likikataa, rimu haifai hata kama imeingia. Mombo ina sababu ya kulijua hili. Barabara ya Soni na Lushoto inaanzia hapo, ikichepuka kutoka barabara kuu ya Moshi na Arusha, na magari yanayopanda kufuata kabichi, viazi na abiria wa Mlalo, Mtae au Bumbuli ni ya kila aina: Land Rover za zamani, Land Cruiser mkonga, Hilux, Patrol. Mengi yamepita mikono mingi, na mengine hayana tena ekseli yaliyozaliwa nayo.

Land Rover za zamani, kuanzia Series hadi Defender iliyoacha kutengenezwa mwaka 2016, zina nati tano kwenye duara la milimita 165.1, yaani inchi sita na nusu. Jina pekee halimsaidii mnunuzi, kwa kuwa Discovery 2 ya mwaka 1998 ilikuja na nati tano kwenye duara la milimita 120. Toyota nayo ina yake. Hilux, Prado na Land Cruiser 80 ni nati sita kwa 139.7. Mkonga wa zamani ni hivyo hivyo, lakini ule wa 78 na 79 uliotoka mwaka 1999 ulihamia nati tano kwa 150. Kisha Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 ikarudi kwenye nati sita. Kwa hiyo anayemwambia muuzaji wa mitumba “nipe rimu za Land Cruiser” hajaagiza kitu bado.

Kupima rimu ya nati sita ni kazi ndogo, maana matundu yanatazamana: tepu hulazwa kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa ndani wa lile la mkabala, na jibu ndilo kipenyo. Rimu ya nati tano ndiyo inayosumbua, kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Hapo hupimwa matundu mawili yaliyo jirani, katikati kwa katikati, kisha umbali hugawanywa kwa 0.588. Land Rover ya zamani itatoa milimita 97 kati ya jirani na jirani, mkonga wa nati tano milimita 88. Nani atazichanganya akiwa na tepu mkononi? Wanaozichanganya ni wale wanaopima kwa macho.

Tundu la katikati halipewi heshima yake. Patrol Y61 na Hilux zote ni nati sita kwa 139.7, ila habu ya Patrol inahitaji tundu la milimita 110 na ya Hilux milimita 106. Rimu ya Hilux haipiti kwenye Patrol. Ya Patrol inapita kwenye Hilux, lakini inabaki na nafasi, na kinachoishikilia katikati ni koni za nati peke yake. Hapo ndipo mtego mdogo kuliko yote unapojificha. Nati za Patrol hiyo na za Hilux zote ni za milimita 12 na zote hufunguliwa kwa spana ya 21, lakini meno ya Patrol yana hatua ya 1.25 na ya Hilux 1.5. Nati iliyokuja na rimu ya Patrol ikilazimishwa kwenye stadi ya Hilux huzunguka mizunguko miwili mitatu, kisha hukaza. Dereva huona imekaza sawasawa, kumbe imetafuna meno.

Kesi ngumu ni ya Land Rover iliyowekewa ekseli ya Land Cruiser ya nati sita nyuma. Sababu inaeleweka, kwani shafti za nyuma za Series zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika. Ila gari linabaki na nati tano mbele na sita nyuma, na shida haiishii kwenye rimu: difu ya Series ni 4.7 na ya mkonga mara nyingi ni 4.11. Four-wheel ikiingizwa, mbele na nyuma huvutana, na gearboksi ndogo ndiyo inayolipa. Msimamo wa safu hii ni kwamba ekseli zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, au isiguswe hata moja.

Mafundi wana njia nyingine tatu za kupatanisha rimu na ekseli. Ya kwanza ni kutoboa matundu mapya kwenye rimu au habu. Kutoka nati sita za 139.7 kwenda nati tano za 150, hesabu inakataa: popote matundu mapya yatakapoanzia, angalau moja litakula ukingo wa tundu la zamani. Kuziba la zamani kwa kuchomelea ni kubaya zaidi, maana chuma kilichochomelewa ndicho kitakachobeba mzigo wa viazi kwenye kona. Ya pili ni adapta, sahani nene inayofungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu ikafungwa juu yake. Adapta ya milimita 30 inasukuma kila tairi nje kwa kiasi hicho hicho na kuongezea beringi kazi, na nati za ndani hazionekani mpaka tairi livuliwe. Kwa gari la matembezi inavumilika. Kwa gari la mizigo la Bumbuli, hapana. Ya tatu ndiyo ya kweli: kutafuta rimu zenye vipimo vya ekseli iliyopo, hata kama ni za chuma na hazivutii.

Rimu sahihi nayo huweza kulegea. Rimu za mitumba hupigwa rangi nzito ili zing’ae, na rangi hiyo, ikibaki pale rimu inapogusana na habu, husagika na kuacha nafasi. Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo inapoteza karibu mita 1,000 za mwinuko katika kilomita 33; breki zinachemka, habu inapata joto na kupoa, na nati iliyokazwa juu ya rangi hulegea. Rangi ikwanguliwe sehemu hiyo, nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka, kisha zikazwe tena baada ya safari moja ya kwenda Lushoto na kurudi.

Na gari ambalo bado lina nati tano mbele na sita nyuma libebe spea mbili, moja ya kila ekseli, mpaka ekseli ya pili ibadilishwe.