Tofali Bichi Lisidharauliwe

Anayejenga Buluo, hapa Likasi, leo, akishapata fedha kidogo, hukimbilia matofali ya kuchoma na mabati. Hatumlaumu, maana mvua za Novemba hadi Aprili anazijua. Hata hivyo, hoja ya toleo hili ni kwamba kwa kuukimbia udongo mbichi tumeacha kitu kinachotuliza joto la nyumba bila umeme. Likasi iko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, kisha Septemba na Oktoba jua huwaka katika hewa kavu. Nyumba ya huku lazima iyamudu yote mawili.

Kinachofanya kazi hapo ni maji. Udongo wa mfinyanzi katika tofali bichi huvuta unyevu wa hewani usiku, au watu wanapopika, na huuachia hewa ikikauka. Unyevu ukiingia ukutani hutoa joto kidogo. Ukitoka huondoka nalo, kama mtungi unavyopoza maji. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba joto ambalo lingechemsha karibu lita saba. Tanuru hupunguza sana uwezo huo: tofali lililochomwa hunywa maji ya mvua, lakini mvuke wa hewani huuvuta kwa uchache. Na tanuru lenyewe hula miti ya miombo ambayo tayari inamalizwa na makaa.

Watasema mvua italiyeyusha tofali bichi. Ni kweli, likiachwa wazi. Ndiyo maana msingi uwe wa mawe, upenu uwe mpana, na lipu iwe ya udongo au chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani. Watasema masika hakuna kinachokauka. Nasi hatusemi kuta ziloweshwe. Pingamizi zito ni kwamba joto la mchana huingia zaidi kupitia bati. Mbunifu wa majengo Francis Kéré alilijibu hilo mwaka 2001 kwa shule ya Gando, Burkina Faso: kuta za udongo uliotiwa saruji kidogo, dari ya matofali, na bati lililoinuliwa juu ili hewa ipite kati. Basi bati si adui wa udongo. Tanuru na lichome matofali ya kuta za nje zinazopigwa na mvua. Kuta za ndani, ambazo mvua haizigusi kamwe, hazina sababu ya kupitia motoni.