Dawa Iliyofungiwa Kabatini

Mtu aliyezidisha heroini hafi kwa kelele. Hulala kama aliyechoka, akakoroma, midomo ikageuka rangi, kisha pumzi ikapungua mpaka ikakoma. Afyuni na jamaa zake wote, heroini, mofini na fentanili, hulaza ile sehemu ya ubongo iuamrishayo mwili uvute pumzi. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache. Si saa, msomaji, ni dakika.

Iko dawa iwezayo kuirudisha pumzi hiyo, nayo ni naloksoni. Iliandikishwa mwaka 1961, na Marekani iliiruhusu itumike mwaka 1971. Huing'oa afyuni mahali ilipojishikiza ubongoni, ikakalia kiti chake. Hudungwa msulini au hupulizwa puani, na mara nyingi aliyekuwa akifa huvuta pumzi katika dakika 2 hadi 5. Hailevyi, wala haina uraibu. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, kwa hiyo mgonjwa hana budi kupelekwa hospitali hata akiamka. Lakini ni lazima kwanza aamke.

Basi dawa hii yafaa ikae wapi? Nasema ikae mahali kifo kinapotokea. Kifo hiki hakingoji wodini. Chaweza kutokea katika chumba cha kupanga Nyalenda, na chaweza kutokea Milimani, jirani yake, nyuma ya ukuta mrefu na lango lenye mlinzi, ambako kijana ana chumba chake mwenyewe na hakuna abishaye mlango. Aliye karibu ni rafiki, mama, dada au mwendesha bodaboda. Hao ndio wapewe mkoba wa naloksoni na wafundishwe kuutumia. Kuifungia dawa kabatini mwa hospitali ni sawa na kuyafungia maboya ya wavuvi wa Dunga katika ofisi mjini, kisha kumwambia azamaye aje ayachukue kwa barua ya daktari.

Wako wasemao kuwa heroini ni balaa ya Pwani, ya Mombasa, Malindi na Lamu. Hiyo ni faraja ya uongo. Katika miaka ya 2010 watafiti waliandika habari za watu wajidungao dawa za kulevya katika Kisumu yenyewe. Serikali ilipoanza kutoa methadoni kwa waraibu, Desemba 2014, ilianzia Mathari, Nairobi, kisha ikashuka Pwani. Na kwa kuwa tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti 47, kaunti moja yaweza kununua kile ambacho jirani yake hakukikumbuka katika bajeti. Mpaka wa kaunti haufai kuwa mpaka wa uhai.

Wengine husema: mkiwapa dawa ya kuwaamsha, watazidi kujidunga. Asemaye hivyo hajui naloksoni ifanyavyo. Humtupa mraibu katika arosto (neno la vijiweni, lakini sijaona lililo bora): jasho, kutapika, mifupa kuuma. Hakuna atamaniye hayo. Na je, mvuvi avaaye boya huanza kupenda kuzama?

Wengine, wenye adabu zaidi, husema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba Uskoti ilianza mpango wake wa taifa zima mwaka 2011, Australia ikaigawa bure nchi nzima tangu 2022, na Marekani mwaka 2023 ikaruhusu dawa ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Lakini tazama Tajikistan, ambayo si tajiri kuliko Kenya. Huko, pamoja na Kazakhstan, Kyrgyzstan na Ukraine, mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliwafundisha watu wapatao 14,000 na kuwapa naloksoni ya kwenda nayo nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilishauri jambo hilo hilo tangu mwaka 2014. Tajikistan ilisikia. Sisi twangoja nini?

Wewe usomaye haya una miguu na ulimi. Ingia katika duka la dawa lililo karibu na shule yako, uulize kwa heshima kama naloksoni yauzwa kwa mtu asiye daktari. Ukijibiwa ndiyo, andika bei yake. Ukijibiwa hapana, uliza ni kanuni gani ikatazayo, uiandike, kisha umpelekee mwakilishi wa wadi yako barua yenye swali moja tu: kanuni hiyo yamlinda nani?