Namba ya ubavuni si ya kujazia upepo
Mwandishi wa makala ya upepo wa matairi, umenena vyema, ila umeruka jambo moja. Ile namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kujazia. Kipimo chenyewe kiko kwenye kibandiko. Fungua mlango wa dereva, mara nyingi utakiona kwenye nguzo. Magari yetu ya mtumba kutoka Japani mengi yameandikwa kwa kPa: ukikuta 220, mwambie fundi wa pancha akujazie PSI 32 kwa geji yake. Kuna wanaojaza 40 eti gari liwe jepesi! Tairi linalika katikati, na kwenye barabara ya vumbi gari linarukaruka tu. Pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi. Na lile la akiba mlikague pia, jamani.