Panya wamepona, bamkubwa asubiri?

Najua nimepotea humu, tumebanwa na test mpaka chai tunainywea maktaba kwa kuibia. Leo lakini nimeshindwa kunyamaza.

Juzi usiku bamkubwa kanipigia kutoka Lushoto. Ana kansa ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga. Daktari kamwambia aanze sindano za kushusha homoni za kiume, yeye kagoma. Kisa? Kuna habari aliisoma kwenye grupu la ukoo, eti kuna chembe ndogo za nano zinazoifuata kansa ilipo na kuimaliza, panya wamepona. Anataka asubiri hiyo. "Wewe si unasoma sayansi, mwanangu, niulizie inafika lini."

Sasa aibu yangu ni hii: aliyeituma kwenye grupu ni mimi. Mwaka wa kwanza, nimetoka kwenye lekcha nimechangamka, nikaandika "dawa imepatikana" na vidole gumba vitatu. Hata sikutaja ni panya mpaka mstari wa mwisho.

Haikuwa uongo mtupu, na hapa wanaosema utafiti wa panya ni kupoteza hela siungani nao. Mwaka 2006 Omid Farokhzad, Robert Langer na wenzao huko Marekani walichukua dosetakseli, dawa ya kansa iliyokuwepo tayari, wakaifungasha ndani ya vichembe vya polima. Unywele wako ni mnene mara mamia kuliko kichembe kimoja. Kwa nje wakabandika kipande cha RNA kinachong'ang'ania PSMA, protini ambayo seli za kansa ya tezi dume mara nyingi huwa nayo kwa wingi juu ya utando wake. Yaani parseli yenye anwani. Sindano moja tu, panya 5 kati ya 7 uvimbe ukapotea kabisa, na wote 7 walikuwa hai siku ya 109. Kundi lililopewa dawa ileile bila kufungashwa, waliofika siku hiyo ni asilimia 14. Ukipiga hesabu ya panya 7, ni mmoja. Nani asingechangamka?

Ila twende taratibu. Sindano ile ilichomwa ndani ya uvimbe wenyewe, na uvimbe ulioteshwa chini ya ngozi, mahali unapoweza kuushika kwa vidole. Panya walikuwa wale wasio na manyoya wala tezi ya thaimasi, kinga yao kilema, manake panya mwenye kinga nzima angezikataa seli za mtu. Na seli zenyewe, zinaitwa LNCaP, zilitolewa mwaka 1977 kwa mzungu mmoja wa miaka 50. Bamkubwa ana 71, ni Msambaa, na kansa yake iko mfupani. Utamchoma wapi?

Utasema basi dawa ipitie kwenye mshipa. Sawa. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi wakaangalia vichembe vingapi hufika kwenye uvimbe wa mnyama. Jibu la katikati: asilimia 0.7. Katika 1,000, 7! Vingi vinaishia kwenye ini na bandama, ambavyo kazi yake ni kukamata vitu vigeni, havijali anwani uliyoandika.

Kampuni waliyoanzisha, BIND, ilipeleka dawa ya aina hiyo, BIND-014, mpaka kwa binadamu. Mwaka 2016 ikaomba ulinzi wa mufilisi, mali zake zikanunuliwa na Pfizer. Dawa yenyewe haikufika duka lolote la dawa.

Anwani haikupotea, nayo tuseme ukweli. Mwaka 2022 FDA ya Marekani iliidhinisha dawa ya lutesiamu-177 inayofuata PSMA hiyohiyo, ila inayobeba mionzi safari hii ni molekuli ndogo, si chembe ya nano. Na angalia iliidhinishwa kwa nani: wagonjwa ambao kansa imesambaa na WALISHAPITIA matibabu ya homoni na kemo. Kwa hiyo hata mwenye kusubiri cha kisasa, njia inapita palepale kwenye sindano anazozikataa bamkubwa. Hazimponyi, zinaishikilia kansa, lakini ndiyo kazi inayotakiwa sasa hivi.

Sisi tunaosoma hizi sayansi tuna tatizo. Tunajua kusoma kichwa cha habari cha Kiingereza, tunakitupa kwa Kiswahili nyumbani, halafu tunarudi zetu kwenye mambo yetu. Neno "panya" liwe la kwanza, jamani. Na sindano ilichomwa wapi. Mzee wa kijijini hana pa kukagua, anakuamini kwa sababu ni wewe.

Jana asubuhi nikampigia. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, na kwamba ile habari niliituma mimi bila kuisoma vizuri. Kimya kirefu, mpaka nikadhani salio limekata.

"Hao panya walikuwa na umri gani?"

Nikamwambia wiki chache tu.

"Ah. Basi si rika langu hao."

Sindano ya kwanza ni Jumanne. Mamkubwa ndiye anampeleka, mimi siku hiyo nina test ya baiokemia saa mbili asubuhi.