Sanduku la Yehoyada na ngazi za Kibondo

Wapendwa, leo nawaomba mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Makuhani wakazipokea. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, mabomoko yako palepale. Maandiko hayasemi kwamba waliiba. Yanasema tu kwamba nyumba haikutengenezwa, na kwa anayevujiwa hilo linatosha.

Nimeikumbuka sura hiyo kwa sababu ya jengo moja la Kibondo nililopanga miaka minne kabla sijahamia Kasulu. Lilijengwa wakati wakimbizi wa Burundi wakiingia kwa wingi, kuanzia 2015, ambapo mwenye kiwanja mjini aliwaza wapangaji wa mashirika tu. Ghorofa moja, familia nane, rangi mpya, mabati yanang'aa. Kodi tulilipa ya miezi sita sita, na kila mwezi shilingi 5,000 za matengenezo mkononi mwa msimamizi, kwa kuwa mwenye nyumba aliishi mbali.

Halikuharibika kwa siku moja. Kwanza mfereji wa bati uliachia upande mmoja, na mvua zetu zikawa zinashuka ukutani. Plasta ikavimba, ikadondoka. Shimo la choo likajaa. Tukaambiwa gari la kunyonya liko njiani. LUKU moja kwa familia nane ikaleta ugomvi kila jioni: nani anapiga pasi, nani ana friji. Mwisho ukingo wa ngazi ukalegea, msimamizi akaufunga kwa waya. Waya ukakatika.

Mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alianguka hapo usiku mmoja umeme ukiwa umekatika. Alivunjika mkono. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akaleta damu nyumbani mwake. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kufikiri kwamba unahusu waya na misumari.

Sasa nikiri langu. Msimamizi yule tulisali naye kanisa moja, tena ni mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kwaya, najua vizuri risiti ni nini. Sikumwuliza hata mara moja. Nilijiambia ninatunza amani, kumbe nilikuwa naogopa kukosana naye.

Wala si msimamizi peke yake. Familia mbili hazikuwahi kutoa ile 5,000. Wenye umri wangu wanazikumbuka nyumba za Msajili wa Majumba, yale majengo ya kupangisha yaliyotaifishwa mwaka 1971, ambayo tangu 1990 yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ilikuwa ndogo, kila mtu akaifurahia, na ngazi zikaoza. Nasi makanisani, kila Jumapili tunasomewa sadaka iliyopatikana. Matumizi ya ukarabati wa nyumba za kanisa tunasomewa lini?

Kuhani Yehoyada hakuongeza mahubiri. Alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zikijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, ndipo mafundi seremala na waashi wakalipwa. Watu wawili, si mmoja.

Kibondo aliyefanya hivyo ni mama wa yule mtoto, si mimi. Alinunua kaunta buku, akaandika majina ya familia zote nane, akalitundika kwa kamba mlangoni pa chini. Fedha zikawa zinahesabiwa na yeye pamoja na mzee wa chumba cha mwisho. Msimamizi alinuna, akaacha kutusalimia kanisani kwa miezi kadhaa. Mwezi wa tatu fundi alikuja akachomelea bomba la chuma kwenye ngazi. Nilipohama, shimo la choo lilikuwa bado halijanyonywa, lakini kwenye daftari palikuwa na shilingi 85,000 na sahihi mbili.